Gari la rimoti likishaingia maji ya chumvi: osha, kausha, ndipo utie mafuta

Ndugu uliyeuliza, tuanze na ulichofanya. Gari la saizi ya 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi), limeandikwa haliingii maji. Umelikimbiza ufuo wa Silversands, Malindi, maji yakipwa, ukalirudisha nyumbani, ukalianika juani mpaka likakauka kabisa. Siku ya tatu savo (mota ndogo ya usukani) haigeuzi na nati za magurudumu zimeshika kutu. Kilicholiponza ni kuanikwa na chumvi yake. Lilitakiwa lioshwe kwa maji matamu kwanza, likaushwe, ndipo litiwe mafuta, na mpangilio huo haupinduliwi. Wenzangu waliokujibu kabla yangu wamekwambia upulize WD-40, yale mafuta ya kopo ya kupuliza. Ni nzuri, lakini ukiipuliza juu ya chumvi umeifunika tu, nayo inaendelea kula chuma chini kwa chini.

Hayo maandishi ya kwamba haliingii maji yanahusu vifaa vya umeme peke yake: risiva (kipokezi cha rimoti) ndani ya kisanduku chake, spidi kontrola (inayoongoza umeme wa mota) iliyofunikwa kwa resini, savo yenye oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji). Beringi (pete za gololi ambamo ekseli huzunguka), skrubu, pini na shafti hazikuahidiwa chochote. Hata kipimo chenyewe ni cha maji matamu: IPX7 maana yake ni kifaa kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30 bila kudhurika, na si baharini. Traxxas, watengenezaji wa magari haya, wanaandika wazi kwenye vitabu vyao vya maelekezo kwamba gari lisiingizwe kamwe katika maji ya bahari, wala maji ya mto yaliyochanganyika na ya bahari. Kwa hapa kwetu hilo linaondoa Silversands, Mayungu na ufuo wote wa Shela kule Lamu, pamoja na mlango wa mto Sabaki ambako watu hudanganywa na rangi ya udongo wakadhani ni maji ya mto matupu. Maji yakijaa, chumvi hupanda mtoni. Najua hakuna atakayelitii katazo hilo, ndiyo maana naandika.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Gari la 1/10 likitoka majini hubaki na maji kwenye sponji za matairi, ndani ya mikono ya magurudumu na chini ya mota. Tuseme ni glasi moja tu ya mililita 250. Hiyo ni zaidi ya gramu 8 za chumvi, kupita kijiko cha chai. Ukianika, maji yanaondoka na chumvi yote inabaki. Halafu chumvi hiyo haikai kavu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida hunyonya maji hewani na kuyeyuka yenyewe, na usiku wa pwani hufika hapo bila shida. Kwa hiyo gari uliloliacha kavu saa kumi jioni, alfajiri limelowa tena ndani ya beringi, mahali usipopaona.

Ukiwa bado ufuoni, zima gari, chomoa betri. Usingoje kufika nyumbani. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, na umeme ukiwepo shaba ya upande wa chanya huliwa haraka sana kuliko chumvi ingeweza peke yake. Ule unga wa kijani kwenye plagi ndio huo. Kisha acha mota na spidi kontrola vipoe mpaka uweze kuvishika bila kuondoa mkono. Kitu cha moto kikimwagiwa maji baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupitia pengo lolote la oringi. Ni sababu hiyo hiyo gari huweza kupita kwenye vidimbwi asubuhi nzima bila neno, kisha likaingia maji mara moja tu baada ya kukimbizwa kwa nguvu mchangani.

Maji ya kuoshea yachague. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni nusu ya kazi. Lamu mjini, maji ya visima vya Shela yanayochujwa na vilima vya mchanga yanafaa. Maji ya mvua ya jabia au ya tangi la bati yanafaa zaidi. Kama huna ila kisima cha chumvi, anza nacho kuondoa mchanga, halafu malizia kwa lita mbili tatu za maji ya mvua. Beba mtungi wa lita 5 ufuoni ukiweza, maana suuzo la kwanza likifanyika kabla chumvi haijakauka linaokoa mengi.

Fungua bodi, vua magurudumu yote manne. Mimina maji polepole kutoka juu, ukizungusha ekseli kwa mkono ili beringi zipitwe na maji. Usioshee kwa mashine ya presha ya pale wanapoosha magari. Presha ile husukuma mchanga kupita mipira inayoziba beringi na kuuacha humo. Brashi ya rangi ya inchi 1 na mswaki mzee vinatosha, pamoja na matone machache ya sabuni ya vyombo. Lita 5 zilizogawanywa mara mbili au tatu huondoa chumvi kuliko lita 5 zilizomwagwa mara moja, kwa sababu kila suuzo linapunguza kilichobaki. Usigeuze magurudumu ya mbele kwa nguvu ya mkono kama savo bado imeunganishwa, utavunja meno ya gia zake. Chomoa kile kijiti cha usukani kwanza.

Kukausha ni kivulini penye upepo, au mbele ya feni kwa saa mbili tatu. Gari lisimamishwe kwa pua, kisha kwa mkia, maji yaliyojificha yatoke. Mchele hausaidii kitu, tafadhali.

Kisanduku cha risiva kifunguliwe kila mara, hata kama unaamini hakikuingia. Ukikuta tone, toa risiva, ikauke. Kama tone ni la chumvi, osha bodi ya umeme kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na brashi laini, uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Safisha mfereji wa oringi kwa kijiti cha pamba. Chembe moja ya mchanga wa Shela, jinsi ulivyo mwembamba, yatosha kufungua njia. Paka oringi grisi ya silikoni, kidogo tu, ing'ae isijae. Mafuta ya mgando ya kujipaka usiyatumie, yanavimbisha baadhi ya mipira. Pale nyaya zinapotokea weka grisi hiyo hiyo kwa wingi zaidi, ndipo panapovuja mara nyingi. Antena usiikate wala kuikunja: ile ncha isiyo na ganda, yenye milimita 31 hivi kwa rimoti za 2.4 GHz, ndiyo inayopokea.

Sasa ndipo WD-40. Kazi yake ni kusukuma nje maji yaliyobaki, nayo huacha utando mwembamba usiodumu. Puliza kwenye skrubu, pini, shafti na nje ya beringi, ngoja nusu saa, pangusa, halafu tia tone la mafuta mepesi ya cherehani mahali panapozunguka. Iepushe na klachi ya kuteleza, ile inayolinda gia kwa kuteleza mzigo ukizidi. Ikipata mafuta, mota italia na gari halitaondoka, na wewe utadhani gia zimekatika. Bodi ya plastiki angavu usiisafishe kwa petroli wala thina, hupasuka nyufa ndogo ndogo. Sabuni na maji basi.

Beringi ndizo zinazokula pesa. Magari mengi ya 1/10 yanatumia 5×11×4 mm kwenye vitovu vya magurudumu, lakini pima yako kabla ya kuagiza. Zilizozibwa kwa mpira hufunguka: ingiza ncha ya sindano kwenye ukingo wa ndani wa mpira, uinue taratibu bila kuukunja. Loweka beringi kwenye mafuta ya taa, itikise, rudia mpaka mafuta yatoke safi, ikauke. Izungushe kidoleni. Ikikwaruza bado, imeshaliwa na kutu, itupe. Ikizunguka kimya, jaza grisi ya boti. Wauzaji wa vifaa vya injini za boti wanayo, na imetengenezwa isioshwe na maji ya bahari. Kwa gari la mashindano ningesema mafuta mepesi, kwa kuwa grisi hupunguza mwendo kidogo. Kwa gari la ufuoni grisi ndiyo sahihi, mwendo huo hutauona mchangani. Beringi zilizofunikwa kwa bati badala ya mpira hazifai huku, bati halizuii maji.

Mota ya brashi, ile ya kawaida ya 540, maji hayaiui papo hapo. Mchanga uliobebwa na maji ndio unaozimaliza brashi zake kama msasa. Chungulia kupitia matundu: brashi zikibaki fupi, badilisha mota, ni rahisi kuliko kuhangaika. Baada ya kuosha, iendeshe polepole dakika moja mbili, magurudumu yakiwa juu, ijikaushe, kisha tone moja la mafuta kila upande wa shafti. Mota isiyo na brashi huvumilia maji vizuri, ila beringi zake mbili na sumaku yake hazivumilii chumvi. Utando wa sumaku ukichubuka, sumaku hushika kutu, huvimba na kusugua ndani. Kama ya kwako inafunguka kwa skrubu, ifungue baada ya kila safari ya baharini. Kwa mchanga uliolowa punguza pinyoni (gia ndogo ya kwenye mota) kwa meno mawili, maana mota hubeba mzigo mkubwa kuliko kwenye lami na moto wake ndio unaoanzisha ule uvutaji wa maji niliosema.

Matairi yana sponji, na sponji iliyolowa bahari ni ghala la chumvi pembeni ya nati zako. Toboa matundu mawili ya 3 mm kwenye mpira, yakitazamana, uzibe yale ya rimu. Gurudumu likizunguka linayatema maji yenyewe. Ukifika nyumbani ingiza maji matamu kupitia humo, kamua, rudia.

Difu (gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kulia na la kushoto) usiifungue kila siku, lakini ikizama baharini ifungue wiki hiyo hiyo. Grisi ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Toa yote, safisha kwa mafuta ya taa, kausha, weka mafuta ya silikoni ya uzito aliosema mtengenezaji na ubadilishe gasketi. Usijaze mpaka juu, mafuta hupanuka yakipata moto na kusukuma gasketi nje.

Skrubu nyeusi zitashika kutu hata ufanyeje. Badilisha kwa chuma cha pua, na kama unapata cha daraja la 316 chukua hicho, maana 304 hupata vidoa na vishimo baharini. Lakini chuma cha pua kikikaa ndani ya aluminiamu na kulowa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na skrubu inaganda moja kwa moja. Paka grisi kwenye nyuzi kabla ya kukaza, hasa zile M3 (unene wa milimita 3) za mota. Ni laini pia kuliko zile nyeusi ngumu, kwa hiyo usitumie kwenye skrubu ndogo ya kubana pinyoni.

Betri ya lipo (lithiamu polima) haina kinga ya maji hata kidogo, na plagi yake ndogo ya kusawazisha seli ndiyo inayosahaulika. Ikilowa bahari, isuuze plagi zote mbili kwa maji matamu, ikauke, iweke nje mbali na nyumba na makuti, juu ya mchanga au zege, kesho yake upime kila seli. Seli zikitofautiana sana, au pakiti ikivimba, usiichaji. Iliyo nzima ihifadhiwe kwenye volti 3.8 kwa seli, yaani 7.6 kwa pakiti ya seli mbili.

Sabaki wakati wa masika, ukipanda juu mbali na mlango, ni habari nyingine. Pale hakuna chumvi ila tope laini linalopita penye mpira wowote. Kuosha ni kule kule, ila lisikauke kwanza, likikauka linashika.

Sasa savo yako. Toa mkono wake, washa gari, geuza usukani wa rimoti. Ikinguruma bila kugeuka, gia au beringi ya juu imeganda. Zima mara moja, kwa sababu savo iliyokwama huvuta umeme mwingi na kuunguza mota yake, pengine na spidi kontrola. Fungua skrubu nne ndefu za chini, piga picha mpangilio wa gia kabla hujagusa, osha kwa isopropili, badilisha beringi ya juu, paka grisi, rudisha oringi ikiwa na silikoni. Ikikaa kimya kabisa, tazama bodi yake ya umeme: ukiona kijani kwenye viungo vya risasi, nunua nyingine, usipoteze siku. Nati za magurudumu kwa saizi yako kwa kawaida ni M4 zenye pete ya nailoni. Nunua za chuma cha pua nane badala ya nne, kwa kuwa pete ile ikifunguliwa mara nyingi hulegea, na gurudumu lililochomoka kwenye maji ya bamvua halirudi.