malloc(strlen(s)) imepungua baiti moja

Ndugu, programu yako ya C inaanguka baada ya kunakili maandishi s kwa strcpy, kwa sababu malloc(strlen(s)), yaani kuomba kumbukumbu sawa na urefu wa s, haitoshi. strlen haihesabu '\0' ya mwisho, baiti inayofunga maandishi: "Mombasa" ina herufi 7 lakini inahitaji baiti 8. Andika malloc(strlen(s) + 1), na ukague kama imerudisha NULL (yaani imekosa kumbukumbu) kabla ya kunakili.

Usikimbilie strncpy, chanzo kikijaza nafasi yote, haiweki '\0' kabisa. Bora snprintf(p, n, "%s", s), ambapo p ni pointa ya kumbukumbu uliyopewa na n ni ukubwa wake kwa baiti. Ikirudisha n au zaidi, maandishi yamekatwa.

Na tafadhali, ukitaka kubadili ukubwa wa kumbukumbu, usiandike p = realloc(p, n)! Ikishindwa, p inakuwa NULL na kumbukumbu ya zamani huwezi tena kuiachilia kwa free. Pokea jibu kwenye pointa ya muda kwanza.

Kompaili kwa -g -fsanitize=address (kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu), kisha uiendeshe programu; utaonyeshwa mstari wenye kosa.