Maswali ya Wasomaji: Mechi ya Ugenini na Saa za Ibada

SWALI: Tawi letu la mashabiki linakodi basi kutoka Tabora kwenda Kigoma. Mechi ni Ijumaa saa 10:00 jioni, Uwanja wa Lake Tanganyika. Tuna Waislamu, Wakatoliki na Wasabato. Tupange vipi? (Katibu wa tawi, Ipuli)

JIBU: Ndugu Katibu, fuateni jua la Kigoma, siyo la Dar es Salaam. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini jua la Kigoma liko nyuma ya la Dar kwa dakika 38 hivi, na nyuma ya la Tabora kwa kama 13. Magharibi huko huingia kati ya saa 12:50 na 1:25, kutegemea mwezi. Aliyefunga sunna akifuturu kwa adhana ya redio ya Dar, funga imeharibika. Jua bado liko juu ya milima ya Kongo.

Ondokeni Alhamisi. Msafiri halazimiki kuswali Ijumaa, ila kwa Mashafii (wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii), ambao ndio wengi kwetu, mkazi hatakiwi kuanza safari baada ya alfajiri ya Ijumaa ikiwa swala hiyo itampita njiani. Basi la saa 12:00 asubuhi limeshachelewa kwa hesabu hiyo. Alasiri, kutegemea mwezi, itaingia mechi ikikaribia kuanza au kipindi cha kwanza kikiendelea, msihangaike: filimbi ya mwisho hupulizwa karibu saa 12:00, na msafiri ana rakaa mbili tu.

Jua hilo hilo likizama, Sabato imeanza. Mechi haiwagusi Wasabato. Kinachowaponza ni gesti ambayo haijalipiwa na chakula ambacho hakijanunuliwa. Vyote vimalizwe kabla ya kwenda uwanjani. Kurudi, geuzeni basi Jumamosi baada ya saa 1:30 usiku, madereva wawe wawili. Wakatoliki watawahi misa ya Jumapili nyumbani.

SWALI: Fomu ya safari iwe na nafasi ya dini? Wengine wamenuna. (Mjumbe, tawi hilo hilo)

JIBU: Wana haki ya kununa. Hata sensa ya taifa haijauliza dini tangu 1967. Ulizeni mahitaji: nani amefunga, nani hasafiri Jumamosi mchana, nani hali nini. Ubishi wa nani kachinja mnaukwepa kirahisi Kigoma: agizeni ugali kwa migebuka. Samaki hachinjwi. Mpishi aulizwe tu kama kikaango hicho hicho hakikaangi kitimoto.

SWALI: Tunachangishwa pia fedha za "kamati ya ufundi". Nikikataa naitwa msaliti. (Shabiki, Ng'ambo, Tabora)

JIBU: Kila mpenda soka anajua ufundi huo ni wa mganga. Ajabu ni kwamba wanaopitisha kofia ndio hao hao wanaoongoza dua ndani ya basi. Bodi ya Ligi imekwisha kuzitoza faini klabu kwa vitendo vinavyoashiria ushirikina, pamoja na timu kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi. Kwa hiyo mchango wako unaweza kuigharimu timu mara mbili: kwa mganga, kisha kwa Bodi. Mwambie mweka hazina akuandikie mchanganuo: basi, gesti, tiketi, tarumbeta. Lipa vyenye risiti.