Kabla ya kusema unapenda kahawa, panda matatu uende Kimilili

Mimi naishi Nakuru, na kwa miaka mingi kahawa kwangu ilikuwa kitu cha mkahawani tu, unakaa na watu wako wikendi, mnapiga picha ya kikombe chenye ua la maziwa juu, mnalipa, mnaenda. Nilikuwa nasema naipenda na nilikuwa namaanisha. Halafu Novemba moja khocha wangu, yaani mjomba, ndugu ya mama, akanipigia simu akasema kahawa imeiva kwa mpigo na vijana wa kuvuna wamekosekana, kama niko na siku za likizo nije nimsaidie. Nikatoka Nakuru na matatu ya alfajiri, Eldoret, Webuye, tukashika barabara ya Kitale mpaka Kamukuywa tukakata kuingia Kimilili, na kutoka hapo ni bodaboda kupanda juu upande wa Mlima Elgon. Ile wiki ndio imenifanya niandike haya, juu naona wengi wanaipenda kahawa venye mimi nilikuwa naipenda, ikishafika kwa kikombe.

Kwa hivyo ushauri wa kwanza ni huo, nenda ukavune, hata siku moja tu. Utafikiri ni kazi rahisi mpaka ushike tawi. Tawi moja liko na matunda mekundu, ya manjano na ya kijani yamebanana pamoja, na wewe unatakiwa kutoa mekundu peke yake, unalishika tunda kwa vidole viwili, unalizungusha kidogo linaachia lenyewe. Ukikwangua tawi lote kwa mkono unaliumiza na mwakani halitakupa vizuri. Baada ya siku kumi au wiki mbili unarudi kwa mti ule ule kuchukua yaliyoiva nyuma yako. Siku ya kwanza mimi nilikuwa na haraka, nilitaka kujaza debe kama wengine, saa sita nikapeleka ndoo yangu kwa kivuli na anti, mke wa khocha, akaimwaga yote juu ya gunia bila kusema kitu. Akaanza kusukuma ya kijani kando na kidole. Zilikuwa nyingi. Akaniambia, "Hii ya kijani ndio hukwaruza mtu koo. Na yule atakunywa hatajua ni wewe ulichuma, atasema kahawa ya Kimilili ni mbaya." Tukakaa hapo tukichambua mpaka jua likaanza kuinama, na hayo maneno yake sijawahi kuyasahau mpaka leo.

Jioni unabeba gunia mpaka kiwanda cha chama cha ushirika, na huko unamwaga tena kwa turubai unachambua mara ya pili, karani anaangalia, ndio mzani ukubali. Unapewa risiti yenye namba yako ya uanachama na kilo zako. Ikishapimwa, usiku huo huo inaingia mashine ya kumenya, maganda mekundu yanaenda upande wake na kahawa inalala kwa tangi ichachuke, ule utelezi ulegee, halafu inasafishwa kwa maji ya mfereji na kuanikwa kwa meza ndefu za waya, na watu wanaigeuza kwa mikono kutwa, mvua ikitisha wanaifunika, jua likirudi wanaifunua. Harufu ya kiwanda wakati wa msimu ni kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, unaisikia kabla hujaona paa. Baada ya hapo ni kinu cha kukoboa, kupangwa kwa ukubwa wa punje, AA ni zile kubwa, AB zinafuata, PB ni zile za duara ambazo tunda limezaa punje moja badala ya mbili, halafu mnadani Nairobi.

Sasa pesa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hii ndio ilinikosesha usingizi.

Kilo moja ya kahawa safi, ile haijakaangwa, inatoka kwa kilo sita au saba hivi za matunda. Ukiikaanga inapungua uzito tena, kwa hivyo mimi nahesabu kilo nane za matunda kwa kilo moja ya kahawa iliyokaangwa. Kikombe kimoja kinakula kama gramu 15. Piga hesabu utapata gramu 120 za matunda kwa kikombe, kama konzi mbili. Msimu huo khocha alilipwa shilingi 70 kwa kilo ya matunda, maana yake kikombe kimoja kilimpa shilingi nane na senti kidogo. Wiki moja kabla ya kwenda, Nakuru nilikuwa nimelipa 280. Sisemi mwenye mkahawa ni mwizi, analipa kodi ya nyumba, stima, maziwa, wafanyikazi, na mkaangaji naye ana gharama zake, yote hayo nayajua. Lakini kwa hizo nane khocha bado analipa wachumaji, mbolea na dawa ya kunyunyizia. Na alivuna Novemba akalipwa Juni. Anti alikuwa na mtoto wa kupeleka sekondari Januari, hebu fikiria hapo katikati waliishi vipi.

Tangu 2023 kuna mfumo wa malipo ya moja kwa moja, kwamba pesa ikitoka mnadani inagawanywa kupitia benki, na khocha anasema inafika mapema kuliko zamani. Ila makato ya chama yanabaki ni ya chama. Kama wewe au mzazi wako ni mwanachama wa ushirika, tafadhali nenda mkutano wa mwaka, uliza kila makato ni ya nini, omba uonyeshwe kilo zilizopokelewa na kilo zilizouzwa. Khocha anasema miaka alikosa pesa nyingi ni ile miaka wanachama walikuwa wanatuma watoto mkutanoni.

Mzee huyu ana stori ndefu na hizo kahawa. Kahawa iliingia Kenya 1893 na mapadri wa Kifaransa, wakaipanda Bura kule Taita, lakini Mwafrika alikatazwa kuilima mpaka miaka ya 1930, ndio watu wa Kisii na Meru wakawa kati ya wa kwanza kuruhusiwa. Baba yake khocha aliipata baadaye na akaipanda kama mtu anayepanda mali. Msimu wa 1987/88 Kenya nzima ilitoa karibu tani 130,000, na mwaka wa 1989 mkataba wa dunia wa kugawana soko ukavunjika, bei ikaanguka, na hatujawahi kurudi hapo. Nusu ya shamba la khocha ikawa mahindi. Ile nusu nyingine aliiacha ikawa msitu, anasema hakuwa na moyo wa kuigusa, hakuwa pia na moyo wa kuing'oa.

Na ashukuru hakuing'oa. Ile miti ni SL28, aina iliyochaguliwa na maabara ya Scott miaka ya 1930, tamu kwelikweli lakini dhaifu kwa ugonjwa wa matunda ya kahawa, ule unafanya tunda liwe jeusi likiwa bado changa. Huo ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mara ya kwanza hapa hapa magharibi mwa Kenya, 1922. Ndio maana wataalamu wakatoa Ruiru 11 mwaka wa 1985 na Batian mwaka wa 2010, zinaustahimili. Khocha alikata miti yake ya zamani chini, machipukizi yakatoka, akaunganisha Batian kwa baadhi na nyingine akaacha SL28 vile vile. Mizizi ni ya babu, matawi ni mapya. Kwa hivyo kama nyumbani kwenu kuna kahawa za zamani zimezama kwa nyasi na mmeanza kuongea juu ya kukodi trekta ya kuzing'oa, subirini kwanza, muulizeni afisa wa kilimo au jirani aliyefanya hii kazi, inaweza kuwa hamhitaji kuanza upya.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kwamba kwao wanakunywa chai. Chai ya maziwa, asubuhi na jioni. Kahawa nzuri yote inaenda kiwandani, ya kubaki nyumbani ni mbuni, ile iliyokauka na ganda lake au iliyokataliwa kwa turubai, na hiyo anti alikuwa anaitwanga mara moja moja mgeni akija. Nikawaomba kitu kimoja. Tukachagua ndoo moja ya matunda mekundu tupu, tukamenya kwa mkono, tukaloweka kwa beseni usiku mmoja, tukaosha, anti akaanika juu ya waya. Krismasi nikarudi. Tukatwanga taratibu kwa kinu ganda litoke, tukapepeta kwa lungo, na tukawasha jiko.

Kukaanga nyumbani kunawezekana, usiogope. Tumia karai au sufuria nzito, moto wa wastani, weka kahawa kidogo isiyozidi vikombe viwili, na koroga bila kuacha. Ile punje ya kijani inakuwa ya manjano, inanukia kama mahindi ya kuchoma yakianza kuiva, halafu inageuka kahawia, na ghafla inaanza kupasuka pa, pa, pa, kama bisi. Milio ikipungua, toa. Usingoje iwe nyeusi tii, hapo unakunywa makaa. Imwage kwa lungo mara moja uirushe irushe ipoe na yale maganda membamba yapeperuke, kwa hivyo fanya hii kazi nje. Iache ipumzike mpaka kesho ndio uisage.

Kupika ndio rahisi kabisa, hauhitaji mashine. Vijiko viwili vya mezani kwa kikombe, maji yakichemka yatoe motoni uhesabu mpaka thelathini, mimina, koroga mara moja, funika dakika nne, acha unga utulie chini, kisha chuja pole pole na chujio la chai. Onja kwanza bila sukari, baadaye fanya unavyopenda. Iliyobaki funga kwa mkebe usiopitisha hewa, weka mbali na jua na mbali na friji, na usisage yote siku moja, unga unapoteza harufu upesi sana.

Khocha alikunywa kimya. Akaweka kikombe chini, akakichukua tena, akasema, "Ina uchachu wa zambarau." Miaka zaidi ya thelathini analima, na hakuwa amewahi kukaa chini akanywa ya kwake yenye imetengenezwa vizuri. Kikombe cha pili akaongeza maziwa akasema hii ndio yake, na mimi sina ubishi. Anti alionja kidogo akarudi kwa chai. Lakini sasa kila msimu wanajiwekea ndoo moja ya nyumbani, na wageni wa Krismasi wanapewa.

Na tusidhani utamaduni wa kahawa ulikuja na hizi mashine za maduka makubwa. Jioni Kisumu mjini, au hapa kwetu Nakuru mtaa wa Bondeni, hasa Ramadhani, utapata mzee na dele lake juu ya makaa, kahawa chungu yenye tangawizi, kikombe kidogo kama yai, kashata pembeni, na baraza ya watu wanaongea siasa na mpira mpaka usiku. Hiyo ilitoka pwani na imekaa na sisi miaka mingi. Kaa hapo pia. Utaongea na watu ambao hungewahi kukutana nao kwa mkahawa wa vioo.

Ukienda kununua, soma lebo. Mimi natafuta vitu viwili, ni kahawa ya chama gani au kiwanda gani, na ilikaangwa tarehe gani. Niliwahi kununua paketi kwa duka moja, imeandikwa jina la mlima wetu kwa herufi kubwa na picha ya mama akicheka, hakuna tarehe, hakuna chama, nikapika nikasikia ladha ya vumbi la mbao. Nilipouliza muuzaji ilitoka wapi hasa, hakujua na hakuona kwa nini ajue. Siku hizi kuna vyama vya wakulima vinakaanga na kufunga kahawa yao wenyewe, ukiipata hiyo shilingi nyingi zaidi zinabaki mlimani. Mkahawani nako mimi huuliza weita kwa heshima, hii ni kahawa ya wapi? Mara nyingi hajui, si kosa lake, namwomba amuulize mkubwa wake. Kuna mahali hapa Nakuru nimeuliza wiki tatu mfululizo, na wiki ya nne nikapata wameandika kwa ubao wa menyu: Subukia. Subukia ni hapa tu, ukitoka asubuhi unarudi na mapema.

Khocha alinitumia picha kwa Watsapu Machi, mvua ikiwa imeanza, shamba lote limetoa maua meupe yenye harufu ya asumini, yanakaa siku chache tu halafu yanaisha. Kutoka ua mpaka tunda jekundu ni kama miezi minane au tisa, kwa hivyo mwezi wa kumi na moja nimeshaomba likizo. Na wewe ukienda kwa wenu, beba gambuti na shati la mikono mirefu, kata kucha, na usifike mikono mitupu, sukari na mkate kwa anti kwanza kabla hujaonyeshwa mti wa kuchuma.