Gredi ya 7 bila kinanda: anza na mdundo

Mwalimu mwenzangu wa Kisumu, umeuliza uanzeje kufundisha misingi ya muziki bila kinanda. Noti za ubaoni zingoje kwanza. Mimi huku Kakamega huwagawa wanafunzi makundi matatu kama ngoma za isukuti, ngoma za Waluhya: kubwa, ya kati na ndogo. La kwanza linakanyaga sakafu polepole, la pili linapiga makofi mawili kwa kila kishindo, la tatu linagonga dawati kwa kalamu mara nne. Kundi moja likichapuka, wote wanasikia papo hapo, na hapo ndipo ninapowatajia neno mwendo, yaani kasi ya mdundo.

Kwa sauti za juu na chini, tafuta mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Nyuzi nane wanaziona, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu wa mpigaji inagonga ala na kushika mdundo. Solfa (do, re, mi) ifuate.