Maswali ya Wasomaji: Neno "friction" limetoka wapi?

SWALI: Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba "friction" ni msuguano, ile nguvu inayozuia gurudumu lisiteleze. Kwenye habari za siasa nalikuta likimaanisha mvutano wa watu, na wanaisimu nao wana sauti wanazoziita "fricative". Je, maneno haya yana uhusiano?

JIBU: Ni ukoo mmoja. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini "fricare", yaani kusugua. Neno liliingia katika Kiingereza karne ya 16 kupitia Kifaransa, na mwanzoni lilikuwa la matabibu: lilimaanisha kuuchua mwili kama tiba. Maana ya fizikia ilifuata, na ile ya watu kutoelewana ikaja karne ya 18. "Dentifrice", dawa ya meno, nayo ni ndugu yake.

Hao "fricative" ndio vikwamizi vyetu, na hapa asili ya neno unaweza kuihisi mwenyewe. Weka kiganja karibu na mdomo, utamke p: hewa inafyatuka mara moja, kwisha. Sasa tamka f, uivute kwa sekunde tano. Mdomo wa chini umegusa meno ya juu bila kuziba kabisa, na hewa inajipenyeza kwenye upenyo mwembamba huku ikikwaruza. Wengi hukosea hapa kwa kusema "fa". Irabu ikishaingia, njia ya hewa inafunguka na mkwaruzo unapotea. Ukitoka f kwenda v, shika koo: mdomo haubadiliki, ila koo linaanza kutetema.

Kwenye fizikia, maana hiyo ya kusugua huwapoteza wanafunzi. Ukisukuma kabati zito lisisogee, hakuna kinachosuguana, lakini msuguano upo. Huo ni msuguano tuli, nao hukua sawasawa na nguvu unayosukumia mpaka ufike kikomo chake. Kabati likishaanza kwenda, kwa kawaida msuguano hupungua. Ndiyo maana kulianzisha ni kazi kuliko kuliendeleza.

Gurudumu ulilolitaja ni hivyohivyo. Likiviringika bila kuteleza, sehemu ya tairi inayogusa barabara imetulia kwa wakati huo, kwa hiyo linashikwa na msuguano tuli. Ukikanyaga breki mpaka gurudumu lijifunge, tairi linateleza: kwenye lami gari huchelewa kusimama, na magurudumu ya mbele yakijifunga usukani hauliongozi tena.