Nimeweka programu ya bure, sasa Chrome imejaa matangazo

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari hapa Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Wiki iliyopita niliweka programu ya bure ya kugeuza PDF kuwa Word. Tangu hapo Chrome inafungukia ukurasa wa kutafutia nisioujua, juu pana mstari wa vitufe, na matangazo hayaishi. Vitufe nimeviondoa mara mbili. Asubuhi nikiwasha, vimerudi. Antivirasi inasema kompyuta ni salama. Nipige Windows upya?

JIBU: Usipige bado, dada. Antivirasi nyingi haziviiti vitu hivi virusi kwa sababu, kwa maandishi, ulivikubali mwenyewe. Wakati wa kusakinisha palikuwa na kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki, nawe ukabonyeza Next, Next, kama mtu yeyote mwenye foleni ya wateja. Mwenye vitufe hivyo humlipa aliyekupa programu kwa kila kompyuta vinamoingia, kisha hurudisha fedha yake kwa matangazo unayoonyeshwa. Hata SourceForge, tovuti iliyoaminiwa miaka mingi na watu wa programu huria, iliingia katika biashara hiyo mwaka 2013 na ikaiacha Februari 2016, ilipopata mmiliki mpya.

Vinarudi kwa sababu uliondoa kinachoonekana tu. Kinachovirudisha bado kimo ndani ya Windows, na huamka kila unapowasha.

Zima intaneti. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, upange orodha kwa tarehe. Kila usichokijua kilichoingia siku ile kitoe, pamoja na hiyo programu ya PDF. Hapa nenda taratibu: baadhi yake, wakati wa kuondolewa, huuliza swali lililopindwa ili ukijibu upesi ujikute umekubali zibaki. Kisha andika chrome://extensions kwenye Chrome, ufute viendelezi (programu ndogo zilizopachikwa ndani ya Chrome) usivyovijua, halafu urudishe mipangilio ya mwanzo. Alamisho na nywila zako zitabaki. Angalia pia ikoni ya Chrome kwenye deskitopu: ibonyeze kulia, ufungue Properties, na kama kwenye Target kuna anwani ya tovuti baada ya chrome.exe, ifute. Mwisho washa intaneti, uandike mwenyewe malwarebytes.com, upakue AdwCleaner, programu ya kusafisha vitu kama hivi, na kuiendesha. Ni ya bure na haihitaji kusakinishwa.

Hiyo programu ya PDF hukuihitaji. Word ya 2013 na za baada yake hufungua PDF moja kwa moja na kuigeuza, ingawa majedwali huweza kuvurugika kidogo na kurasa zilizoskaniwa huhitaji kazi nyingine.

Kinachoniumiza zaidi ni wanafunzi. Najua wanakuja kwako kujaza maombi ya mkopo, na kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma kurasa kinaweza kuona jina na nywila wanazoandika. Kompyuta hiyo isiingiwe na akaunti ya mtu yeyote mpaka umalize kuisafisha. Walioitumia wiki hii watafute, uwaambie wabadili nywila leo kwa simu zao. Na kuanzia sasa heslb.go.tz, tovuti ya Bodi ya Mikopo, iandikwe kwa mkono; msiifikie kwa kutafuta, maana tangazo linaweza kukaa juu ya tovuti halisi.