Maintern, mgonjwa wa bypass msimwandikie "gastritis" (tumbo kuwashwa) kirahisi

Haya sikilizeni wanangu wa Moshi, maana wiki hii nimekuta tena faili limeandikwa "PUD, omeprazole, TCA wiki mbili", yaani vidonda vya tumbo, dawa ya asidi, arudi baada ya wiki mbili, na mwenye faili alishafanyiwa bypass ya tumbo India ili apungue uzito. Nikashika kichwa.

1. Ulizeni alifanyiwa upasuaji gani. Slivu ni mfuko wa tumbo umekatwa tu, ila bypass utumbo umehamishwa, kwa hiyo kwenye mesenteri, ile tando yenye mafuta inayoshikilia utumbo, yanabaki matundu, na mafuta yakiisha matundu yanazidi kuachia. Ndiyo maana maumivu yanakuja watu wakiwa bado wanampongeza. Muulizeni peke yake, wengine nyumbani walisema ni mazoezi.

2. Eksirei nzuri isiwadanganye. Hapa niseme la kwangu. Mama mjamzito kutoka Machame, naye wa bypass, mimba kubwa, tumbo la juu linauma mpaka mgongoni, ukimshika ni laini kabisa. Nikasema kiungulia cha mimba. Hatapiki nyongo, nikaona safi, nikaweka NG, ule mpira wa puani mpaka tumboni, haikutoa kitu nikaona safi zaidi! Kumbe kilichojifunga ni ule upande wa nyongo na kongosho ambako chakula hakipiti, NG haifiki huko hata uisukume mpaka asubuhi, na nyongo itapandaje wakati imefungiwa hukohuko? Lakteti, kipimo cha damu kinachopanda utumbo ukikosa damu, nayo kawaida, nikajikingia nayo. Nesi mmoja wa siku nyingi akaniambia daktari, huyu mama halali, amepiga magoti tu kitandani, nikamjibu aongezewe paracetamol. Asubuhi bosi akamkuta amepiga magoti vilevile, hakuuliza eksirei, akauliza thieta, chumba cha upasuaji, iko wazi? Utumbo ulikuwa umepenya nafasi ya Petersen, tundu mojawapo linalobaki nyuma ya utumbo uliohamishwa, ukajisokota, kipande kimeshakuwa cheusi. Mama na mtoto walipona, kipande tukakikata. Bosi hakunifokea, na heri angenifokea. Petersen mwenyewe, daktari wa upasuaji, aliliandika hilo tundu mwaka 1900, kabla bypass ya uzito haijazaliwa, sasa mimi nilikuwa na kisingizio gani?

3. CT ikionyesha mesenteri imejisokota ni thieta, ikiwa safi lakini maumivu bado yapo, mwiteni daktari wa upasuaji vilevile.

4. Anayetapika siku nyingi, thiamine (vitamini B1) kabla ya dripu ya dextrose, yaani ya sukari. Diclofenac ya maumivu hapana.

5. Kuna na utumbo kujimeza pale kwenye maungio, mara nyingi kinyumenyume, maumivu yanakuja na kuondoka, kwa hiyo raundi ya saa tatu mnaweza kumkuta anacheka na jirani yake wa kitanda. Muulizeni usiku ulikuwaje, halafu nipigieni, hata saa tisa usiku. Ila aliyenipigia juzi muda huo kuuliza funguo za kabati la dripu ziko wapi, bado namtafuta.